Mabomba Meupe ndani ya Tangi

Husseini wa Faza alikuwa fundi wa injini za boti kabla hajaungana na shemeji yake, Rahima, kuyeyusha plastiki zinazotupwa ufuoni na mawimbi. Walikuwa na tangi la chuma lililozibwa kabisa, pampu ya kunyonya hewa, na moto wa vifuu vya nazi chini yake.

"Plastiki ni mnyororo mrefu," Rahima, aliyewahi kusomesha sayansi, aliwaambia waliokuja kutazama. "Ukiutia moto penye hewa, unaungua. Ukiinyonya hewa kwanza, hauna cha kuungulia. Unakatika vipande vipande, unakuwa mvuke, na mvuke ukipoa ndiyo mafuta haya."

Sharti lake lilikuwa moja: mabomba meupe ya maji yasiingie. Hayo yakishika joto hutoa asidi kabla mnyororo haujakatika.

Asubuhi moja tangi lilikuwa nusu. Kwa uvivu wa kurudi ufuoni, Husseini akatupia vipande vya bomba vilivyosalia kwenye ujenzi wa msikiti. Vichache tu, alijiambia, vitadhuru nini?

Vilidhuru. Asidi ilikula mipira ya pampu, na Rahima alipoinama kusikiliza kwa nini inakwaruza, mpira ukapasuka, moshi mkali ukampiga usoni.

Husseini alimbeba hadi botini. Njiani, wakielekea hospitali kisiwani Lamu, alimwambia yote huku analia.

Rahima alikohoa, akamgusa mkono. "Nimekusamehe, shemeji. Endesha."

Alipona, ila sauti haikurudi. Ile sauti ya kasida, iliyoitwa kwenye harusi za Siyu na Kizingitini, ikabaki mkwaruzo. Watu walisema ni kudura ya Mungu. Husseini hakuweza kuitikia. Akawa anawaambia hata wasiouliza: "Ni mimi niliyetia bomba." Na kila alipomwona Rahima, aliomba radhi upya.

Mkewe, Asmaa, akamkanya. "Unamchosha dada yangu. Amekwisha kukusamehe. Wataka akusamehe mara ngapi?"

Akaacha kuomba radhi, lakini moyo haukutulia.

Harusi ya Amal, binti wa Husseini na Asmaa, ilipofika, wanawake walimtazama Rahima kwa mazoea. Yeye akachukua tari, akapiga, akawaachia wengine waimbe. Husseini, nje pamoja na wanaume, alisikia kasida ikianza kwa sauti ya mtu mwingine. Wakamwita kwenye sinia la biriani. Aliitika, lakini hakuinuka.