Kanda ya Msichana wa Yamumbi

Chumba changu cha kwanza cha kazi kilikuwa stoo ya blanketi, mwisho wa wodi ya watoto hapa Eldoret. Nilikuwa nawasaidia watoto wenye shida ya kusema: wenye kigugumizi, wanaokwama kwenye sauti fulani, wasiotamka kitu kabisa. Siku hizo nilikuwa peke yangu, na wachache walijua nafanya nini. Wazazi walitoka mbali, hata kijiji cha Ziwa, kuniomba nikate uzi wa chini ya ulimi, tumalize. Hasira zangu zilikuwa karibu, na nilizitumia.

Katibu wa hospitali, ambaye beji ya chama tawala haikutoka kwenye koti lake, alinipa muda hadi mwisho wa mwezi uliofuata. Nimwonyeshe mtoto mmoja aliyefunguka, ama blanketi zirudi.

Nilimtegemea msichana wa miaka sita kutoka Yamumbi. Baba yake alikuwa karani, mtu wa Nyanza. "Nyumbani anaongea mpaka tunamnyamazisha," mama yake aliniambia. Lakini tangu aanze shule hakuwa ametoa neno nje ya mlango wao. Mwalimu alikuwa akimchapa, eti ana kiburi. Nilimpima masikio, nikakagua koo na ulimi, vyote vizima. Nikaandika kwamba anaogopa, na sikujisumbua kujiuliza anaogopa nini.

Siku ya kwanza mama aliinyooshea kidole rekoda yangu ya kanda. "Daktari, hiyo mashine inapeleka maneno wapi?"

Nikacheka. "Haipeleki popote, Mama. Ni yangu tu, ya kusikiliza makosa."

Hakucheka. Kila walipokuja aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, akiitazama ikizunguka. Nilimwona mshamba. Naona aibu kuandika hivyo.

Wiki sita tulicheza na vifuniko vya soda. Mtoto wa namna ile humwulizi swali. Unacheza kando yake, unajisemea mwenyewe unachofanya, mpaka aje kwa hiari yake. Kisha siku moja mama akaitwa kwenye dirisha la kadi, tukabaki wawili. Nilikuwa nikijifanya napika ugali, nachota punje za mahindi kwenye kopo.

"Usichote mpaka chini," akasema.

Sauti safi, kila herufi mahali pake. Nilitaka kuruka kwa furaha. Badala yake nikavunja kanuni yangu mwenyewe, nikamwuliza kwa nini.

"Chini ya unga ndio kuna karatasi za Baba. Polisi wakiziona watamchukua."

Rekoda ilikuwa inazunguka. Miaka ile mtu aliweza kuchukuliwa akiwa kazini kwa kupatikana na ukurasa mmoja tu unaoisema serikali vibaya, na mkewe asiambiwe yuko wapi.

Mama aliporudi alinitazama usoni, kisha akaitazama mashine. "Amesema?"

"Amesema." Nikarudisha kanda nyuma, nikamsikilizisha kwa sauti ya chini. Akakaa sakafuni.

"Ulisema haipeleki popote," akanong'ona.

Niliirudisha nyuma tena ili niifute, na papo hapo mlango ukafunguliwa, katibu akaingia. Ukuta kati yangu na ofisi ya katibu ulikuwa wa mbao. "Nimesikia kama mtoto ameongea!" alisema, uso umemchangamka. "Si hii ndiyo tulikuwa tunataka? Hebu tusikie."

Sikujua alikuwa amesikia nini. Mpaka leo sijui. Nikainama juu ya rekoda, nikafinya vitufe viwili kwa pamoja, cha kucheza na cha kurekodi. Kanda ikaanza kuzunguka, ikifuta sauti ya mtoto na kunasa zetu. Tukasimama tukiisikiliza. Mama hakuinua macho.

"Mbona haisemi kitu?"

"Imekwama, Mzee. Hizi kanda ni za zamani."

"Sawa, si mtoto mwenyewe yuko hapa." Akachuchumaa mbele yake, kwa upole kabisa. "Toto, sema jina lako. Jina tu."

Msichana akamtazama, kisha akanigeukia mimi. Midomo ilikuwa imeanza kufunguka. Nilikuwa nimeingoja dalili ile wiki sita. Jina lenyewe halikuwa na hatari. Lakini baada ya jina lingekuja swali la pili, na la tatu, na yeye hakuwa amejifunza kusema uongo. Nikatikisa kichwa, kidogo sana.

Akafunga mdomo.

Katibu alingoja. Halafu akasimama, akaniambia pole, Madam, blanketi zitaletwa Ijumaa. Nilifanya kazi kwenye benchi la korido miaka miwili iliyofuata. Mama na mtoto hawakurudi. Nilipowaulizia Yamumbi, jirani alisema wamehama wote, baba, mama na mtoto, na hakutaka kuniambia zaidi. Sikumlaumu.

Kanda bado ninayo. Kuna sauti ya katibu ikiuliza mbona haisemi kitu, kuna yangu ikidanganya, kisha yake tena, "Jina tu," halafu kimya. Watoto wengine nawafundisha sauti moja kwa kuirudia mara mia, na kesho yake wamesahau. Yeye nilimfundisha kunyamaza mara moja tu, na akashika.