Pua ya Gari Iangalie Njia

Mimi hasira zangu ziko karibu, sifichi. Wageni wa gesi walipoanza kujaa Palma, huku kwetu kaskazini mwa Msumbiji, nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni, na siku moja mwenye nyumba akaniambia mbele ya watu kwamba wali wangu unanuka moshi. Nikautupa mwiko ndani ya sufuria yake, nikavua aproni, nikaondoka. Nilikuwa nimeshafika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba nina mama yangu kijijini Quionga, mguu wake mbovu, halimi tena, na anakula kwa mkono wangu. Hasira hasara. Yangu niliiona kabla sijafika nyumbani.

Kazi iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu wakati ule ilikuwa udereva. Gesi yenyewe ilikuwa huko baharini tusikokuona, lakini magari yake tuliyaona, na vumbi lake tulilila. Ikatangazwa kwamba kampuni moja itachukua madereva wa papa hapa, ila kwa mtihani, miezi michache mbele. Nikasema mwiko nimeshautupa, nitashika usukani. Nikaenda kwa bibi.

Hakuwa bibi wa damu yangu. Mji mzima tulimwita bibi. Alikwenda vitani msichana, wakati wa kupigana na Mreno, akabeba masanduku ya risasi kichwani kutoka mto Ruvuma, kisha wakamvusha kule Tanganyika wakamfundisha gari. Kazi yake ikawa kuwapokea majeruhi mtoni na kuwakimbiza hospitali ya Mtwara. Uhuru ulipokuja akapewa gari la wagonjwa la wilaya, akaliendesha mpaka alipostaafu. Wenzake wa vitani nao walipata majina: mmoja alikuwa mwalimu mkuu, mwingine hakimu, na siku za sherehe walikaa pamoja mstari wa mbele na nishani zao. Lakini bibi, watu hawakumjua kwa nishani. Walimjua kwa honi. Kutoka Quionga mpaka Pundanhar, ukiisikia usiku au mchana, ulijua kuna mama anapelekwa kujifungua, na ulijua atafika.

Gari la kujifunzia lilikuwa Landrova lake mwenyewe, kuukuu, lenye kikohozi. Na masharti yake, mtume! Kwanza, huingii garini mpaka ulizunguke lote, uinamie kila gurudumu, utazame chini. Pili, popote unaposimama, hata ukienda kununua chumvi, unaingia kinyumenyume, pua ya gari iangalie njia. Katika ule mchanga wa Palma kuingia kinyumenyume ni kazi. Unahangaika, jasho linakutoka, na mwanamume aliyekuja nyuma yako ameshaegesha, ameshanunua, ameshaondoka.

Tulichekwa sana. Vijana wa sokoni walisema bibi bado anapigana na Mreno. Waliniona nimeinama wakasema, mwacheni, anayaamkia magurudumu. Na nusu yao mama zao waliwahi kulazwa ndani ya gari la yule mwanamke! Nilimwuliza bibi mara ngapi, kwa nini tujitese hivi. Alikuwa hajibu. Aliniambia tu, gari si lako wewe, ni la aliyelala nyuma. Nami nikitazama nyuma naona gunia la mihogo.

Karta ya kuendeshea, yaani leseni, niliipata. Siku ya mtihani ikafika. Tulikuwa watu kumi na wawili, mwanamke mimi peke yangu. Mtahini alikuwa mzungu mfupi mwenye kofia ngumu na daftari, na mkalimani pembeni. Tuliambiwa tu tuchukue gari, tuzunguke njia ya kambi, turudi tuegeshe palepale. Basi.

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu pale kambini. Asubuhi, nikiwa nafunga kapulana yangu kiunoni, nilikata shauri kwamba mambo ya bibi nayaacha nyumbani. Nitaendesha kama wanaume. Nilimfikiria mama yangu na mguu wake, nikasema siwezi kukosa kazi kwa sababu ya kuamkia magurudumu. Nilimwonea bibi haya, ndio ukweli wenyewe, na mpaka leo nikikumbuka uso unanichoma.

Wakaingia mmoja mmoja. Walikuwa wepesi, wallahi. Mtu anaruka ndani, mlango paa, vumbi, anarudi, anachomeka pua ukutani, anashuka anajifuta mikono. Mtahini anaandika. Mimi nikaitwa wa mwisho. Nilikuwa nimeshashika mlango, mguu mmoja ndani, niliposikia nyuma yangu sauti ya mmoja wao, kijana mrefu niliyemfahamu tangu sokoni, akiwaambia wenzake: tazameni, mwanafunzi wa bibi huyo, leo hata magurudumu hayapati shikamoo.

Wakacheka. Mori ukanipanda, nikaurudisha mguu chini.

Nikalizunguka lile gari taratibu kama natafuta sindano. Nikainamia gurudumu la kwanza, nikainamia la pili, kapulana imekaza, wao wanashikana mabega kwa kicheko. Chini ya la nyuma kulikuwa na jiwe limekaa vibaya. Nikalitoa, nikaliweka pembeni wote walione. Nilisema moyoni, kazi nimeshaikosa, basi angalau niikose kwa adabu ya bibi yangu. Nikazunguka njia polepole, kama mtu kweli amelala nyuma. Niliporudi nikaingia kinyumenyume, mara moja, sikugusa kitu, pua ikaangalia lango. Nikashuka.

Mtahini akafunga daftari, akaja akasimama mbele yangu, akaongea na mkalimani. Mkalimani akaniuliza nani kanifundisha. Nikadhani ni shtaka. Nikasema ni bibi mmoja, alikuwa akiwakimbiza majeruhi kwa gari vitani. Wakaongea tena kwa muda. Kisha mkalimani akawageukia wote akawaambia kwamba katika kazi ya gesi, sharti la kwanza ndilo hilo: zunguka gari kabla ya kuingia, na liegeshe tayari kwa kutoka. Kafaulu mmoja. Waliobaki wajifunze, warudi baada ya wiki mbili.

Nililia, sioni haya kusema. Nililia mpaka kwa bibi. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamwambia yote, hata lile la asubuhi, kwamba nilitaka kumwacha nyumbani. Nilitegemea atanifokea. Akaendelea kupepeta. Kisha akauweka ungo chini, akaniambia lile alilokuwa hajibu.

Siku moja alifika mtoni akaegesha haraka, pua ikiangalia maji, kwa sababu alikuwa msichana na alikuwa na haraka ya kuwaona wenzake. Wakamletea rafiki yake aliyekuwa akilala naye mkeka mmoja. Amepigwa tumboni, lakini anaongea. Wakamlaza nyuma. Mchanga ulikuwa laini, na gari ilibidi aligeuze: mbele kidogo, nyuma kidogo, mbele, nyuma, magurudumu yanazama, watu wanasukuma. Yule rafiki alikuwa akiuliza kutoka nyuma, tumefika? Naye anamjibu, bado, nageuza. Akauliza tena. Gari lilipopata njia, akawa haulizi.

Tulipika ule mchele tukala.

Kesho yake, kabla jua halijawa kali, uani kwa bibi kulikuwa na wanaume kumi na mmoja, kofia mkononi, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Yule mrefu alikuwa wa kwanza kuomba radhi na wa kwanza kuanza ubishi. Kuzunguka gari ameelewa, alisema, lakini hili la kinyumenyume, kugeuza si kazi ya dakika mbili tu? Kuna ubaya gani mtu akageuza wakati wa kuondoka?

Bibi akanitazama mimi. Nikalipeleka Landrova mwisho wa ua, penye mchanga mwingi, nikalichomeka pua ukutani. Nikamwambia yule mrefu apande nyuma alale chali, asiinuke. Akapanda huku anacheka. Nikaanza kugeuza. Mbele kidogo, nyuma kidogo. Magurudumu yakazama, wenzake wakaja kusukuma. Kule nyuma alikuwa bado na mzaha wake, anagonga bodi kwa kiganja, akapaza sauti:

"Bibi, tumefika?"

Hakujua. Hakuna aliyejua ila mimi na bibi. Mguu wangu ukaganda juu ya klachi, nikamtazama bibi kwenye kioo. Alikuwa amesimama kando ya gari, mkono wake juu ya bodi.

"Bado, mwanangu," akasema. "Bado tunageuza."

Sijui yule mrefu alisikia nini katika sauti ile, lakini hakugonga tena. Nilipomaliza alishuka, akaomba ufunguo, akalizunguka gari, akainamia gurudumu la kwanza.