Tobo la Machimboni

Ofisini walimwita Mama Mipaka, na jina lilimkaa barabara. Alikuwa mtu wa takwimu katika idara ya afya ya mji. Ugonjwa ukizuka, wadadisi hupita nyumba kwa nyumba na kumletea mahali alipo kila mgonjwa, naye huwageuza nukta kwenye kompyuta. Kisha programu humwambia kama nukta zimerundikana mahali au zimetawanyika tu. Lakini programu hiyo haipokei nukta peke yake. Inataka kwanza ichorewe eneo lililochunguzwa, ambalo wenye kazi yao hulitaja kama dirisha. Ukifanya uvivu, itazizungushia nukta zako mstatili wa kubuni, halafu ikupe uongo uliovaa suti.

"Kabla hujaniambia wagonjwa wako wapi, niambie umewatafuta wapi," aliwaambia wageni wote wa kazi, hata wale waliopitia tu kuazima stepla. Mpaka wa nje aliuchora kona kwa kona, kinyume cha mishale ya saa. Pasipochunguzwa alitoboa tobo, nalo tobo lilichorwa kwa kufuata mishale. Ukigeuza, programu hudhani ndani ndiko nje. Mama Mipaka hakuwahi kugeuza, na alijivunia hilo kama wengine wanavyojivunia watoto waliofaulu.

Mvua zikaja, na kuhara kukaja nazo. Wadadisi walizunguka mji mzima isipokuwa machimboni, shimo kubwa la mawe lililoachwa zamani, ambamo watu walikuwa wamejijengea. Njia ya kushukia iliteleza. "Tutashuka pakikauka," walisema, na ripoti ilitakiwa kesho yake. Mama Mipaka akafanya vile kanuni inavyotaka: usipotazama, usipahesabu. Akayazungushia machimbo mstari, akayatoboa. Kitaalamu hakukosea hata chembe.

Ila kule shimoni aliishi mdogo wake wa tumbo moja. Alikuwa ameolewa na mponda kokoto, na siku ya posa dada mtu alisema mbele za watu, "Ndiyo umekosa hata mwenye kazi ya kivulini?" Tangu hapo salamu zao zilipitia kwa mama yao. Mama alipofariki, zikakosa pa kupitia. Damu nzito kuliko maji, ndivyo tusemavyo, lakini kiburi nacho hakikosi uzito wake.

Mkutanoni ramani ilioneshwa ukutani. Penye wagonjwa wengi palikuwa pekundu, penye wachache pa njano, na machimbo yakabaki meupe. Mkuu wa idara, mtu mwema ila mwenye haraka zake, akapagusa kwa kidole. "Hapa hamna kitu. Magari ya maji safi yaende kwenye nyekundu."

Mama Mipaka akafungua mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa mawili tu: hapo hatujatazama. Lakini angeulizwa kwa nini hakuwarudisha wadadisi. Angeulizwa anajuaje kama kuna watu, na ingembidi amtaje mdogo wake, ambaye mle ofisini hakuwahi kumtaja. Akajiambia atamwona mkuu faragha baada ya chai. Baada ya chai mkuu akamsifia ramani mbele ya wenzake, na nani anayetema asali? Akanyamaza. Kesho yake kulikuwa na kazi nyingine. Mtu na akili zake timamu, inaudhi hata kusimulia.

Siku chache baadaye alipigiwa simu na shemeji yake, ambaye hakuwa amempigia hata mara moja. "Shemeji, mtoto ametutoka," alisema. "Ni kuhara." Alikuwa mtoto wa kike, ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno, na Mama Mipaka, mama yake mkubwa, hakuwahi kumpakata.

Alishuka machimboni akishika mizizi, viatu mkononi. Alikuta mabati, kamba za nguo, masufuria, mitaa kabisa yenye kona zake, na watu wakimpisha njia kwa adabu. Mdogo wake alikuwa mkekani pamoja na wanawake wenzake. Mama Mipaka alikuja amejiandaa kutukanwa. Kusema kweli, alitamani kutukanwa. Mdogo wake akasogea, akampa nafasi ya kukaa.

"Pole, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada."

"Ile ramani ya magari ya maji niliichora mimi."

"Najua. Ndiyo maana hatukuhama. Majirani walipoanza kuugua, shemeji yako alitaka twende kwao. Mimi ndiye niliyekataa. Nikamwambia, dada ndiye anayechora ugonjwa ulipo. Tumekosana, sawa, lakini huku kukiwa na hatari atakuja kunichukua mwenyewe."

Mama Mipaka akaangua kilio, mpaka wanawake wakageuka kumtazama. Alilia kuliko mfiwa. Mdogo wake akamwekea mkono begani, akawa anambembeleza yeye.

"Basi, dada, usijilaumu. Hukujua tu. Ungejua ungekuja."

Angeweza kuuacha mkono ule ukae pale. Hakuna ambaye angemwambia lolote.

"Nilijua kwamba mko huku," alisema, "na nilijua hakuna aliyekuja kuwatazama."

 Mdogo wake akauondoa mkono taratibu, akaurudisha mapajani kwake.