Jezi Isiyofuliwa na Siku ya Defansi

Harufu ya jezi iliyokaa miezi mitatu bila kufuliwa si ya kusimulia mbele ya wageni, lakini kumbukumbu yangu ya mwaka ule inaanzia hapo, na mimi nikiandika sipendi kudanganya. Ilikuwa jezi ya manjano yenye mstari mweusi kifuani, jezi ya Ngurumo, timu ya mtaa wetu wa Cibitoke, na ilitundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba tulicholala watoto. Ndani yake mlikuwa na jasho, vumbi, moshi wa brosheti, mishkaki yetu, zinazochomwa nje ya uwanja, na kitu kingine kichachu ambacho Mama alikifananisha na beberu. Mwenye jezi alikuwa kaka yangu mkubwa, Saidi. Nilimwita Yaya, maana kwetu Bujumbura yaya si mlezi wa watoto. Ni mkubwa wako wa kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Ngurumo ilikuwa haijafungwa tangu msimu uanze, na Yaya aliamini kwamba sababu ilikuwa pale msumarini.

“Saidi, iyo kitu inanuka,” Mama alisema kila Jumamosi, beseni mkononi. “Lete nifue.”

“Apana, Mama. Ukiifua unafua na bahati.”

“Bahati gani inakaa mu jasho?” Baba alidakia kutoka barazani. “Na ku musikiti unaenda nayo?”

“Apana, Mzee. Kule naenda na kanzu.”

Yaya alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa mwisho, na mwaka huo wa mwisho alikuwa ameukalia kuliko inavyopaswa. Masomo yote alikwisha kuyafaulu. Kilichobaki ni kitabu kimoja ambacho kila mwanafunzi huandika mwenyewe kabla ya kuachiwa, na nyumbani kiliitwa memuari. Chake kilihusu historia ya mafundi wa mji wetu: wahunzi, washonaji, makanika. Mara mbili aliahidi kukimaliza, na mara mbili msimu wa mpira ukamkuta katikati ya ukurasa. Baba hakuwa mtu wa makelele. Alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na miaka ya kuinama juu ya cherehani ilimfundisha kusema kidogo. Siku moja alimwita Yaya karakanani, nami nikiwa nimekaa juu ya rundo la sponji, akamwambia bila kuinua macho, “Mwaka uu ni wa mwisho. Wakikufukuza kule juu ku chuo, sindano yako iko apa.” Yaya aliitazama ile sindano, nene kama spoku ya baiskeli. Hata mimi nilielewa. Katika ukoo wetu wote, tangu babu aliyekuja mjini hapa kuuza vitambaa, hakuna aliyewahi kuvuka lango la chuo kikuu. Yaya alikuwa wa kwanza, na alikuwa karibu kurudi mikono mitupu kwa sababu ya mpira.

Rafiki yake alikuwa Bosco, Mkongo wa Uvira, mwanafunzi mwenzake, mwenye kicheko cha kugongesha vikombe. Yeye alishabikia timu ya Kinindo, kule kwenye nyumba za geti karibu na ziwa, na alifanya hivyo, nadhani, kwa ajili ya kumchokoza Yaya tu, maana mwenyewe alipanga chumba kimoja nyuma ya soko. Alikuwa akiingia uani anapiga hodi kwa tusi. “Ngurumo bila mvua muko wapi?” aliuliza. “Munapiga kelele mu mawingu, chini kunabaki vumbi.” Yaya alimjibu kwa hesabu za mechi, na mimi, ambaye mbele ya watu sauti yangu hukauka hadi leo, nilikaa mlangoni nikiwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya nchi ya mbali. Niliwaona wakubwa mno. Waliruka kutoka Kiswahili hadi Kifaransa na Kirundi katika sentensi moja bila kujikwaa. Niliamini kwamba huko chuoni kila mtu husema hivyo, na kwamba huko hakuna anayeogopa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kufikia mwisho wa msimu, Cibitoke nzima ilikuwa imeshasherehekea kombe ambalo halijaja. Makanika walipaka milango rangi ya manjano. Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya hao hao wa Kinindo, na Ngurumo ilihitaji sare tu. Yaya aliivaa jezi yake asubuhi, akaondoka na Bosco wakisukumana. Mimi nilibaki karakanani na Baba, redio ikiwa juu ya cherehani. Tulisikia bao la kwanza likiwa letu, na mtaa ukalia kama bati moja kubwa lililopigwa nyundo. Kisha mvua ikashuka. Ilipiga paa kwa nguvu hata mtangazaji akageuka mtu anayefungua na kufunga mdomo ndani ya ndoo. Baba alisogeza sikio, akakata tamaa, akarudi kwenye uzi wake. Tulikaa hivyo muda mrefu, hatujui lolote. Mvua ilipokatika, Baba alinyanyua mkono kuniashiria nisikilize. Hakukuwa na sauti. Wala pikipiki, wala mama anayemwita mtoto. Sijawahi tena kusikia mtaa mzima ukinyamaza namna ile, na ninaikumbuka ile hofu tamu iliyonipanda mgongoni: kwamba maelfu ya watu wanaweza kuumia mara moja, mahali pamoja, bila mtu kupiga kelele. “Wametupiga,” Baba alisema, akazima redio.

Walitupiga mawili kwa moja. Beki mkongwe wa Ngurumo alimrudishia kipa mpira, mpira ukakwama kwenye dimbwi, wakasawazisha, na bao la pili likaingia vivyo hivyo, beki mwingine akiwa ameteleza na kukaa chini. Barazani kwetu watu walimlaumu mwamuzi, wakalaumu mvua, wengine wakasema kuna mtu alizika kitu langoni. Siku ya nne, alfajiri baada ya swala, niliamshwa na sauti ya maji uani. Nilichungulia. Yaya alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, anafua jezi mwenyewe, polepole, anasugua kola kwa kipande cha sabuni kama anayeosha uso wa mgonjwa. Maji yalikuwa meusi. Aliponiona hakunifukuza. “Musimu umeisha, Mariamu,” aliniambia. Akaianika, akaingia ndani, akafungua makaratasi yake, na kuanzia siku hiyo aliandika. Alikaa juu ya daftari hadi Mama akawa anampelekea maharage na ugali mezani, akirudi anakuta vimepoa.

Hapa ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe nadhani lingeweza kumpata mtoto wa mji huu tu. Baada ya wiki kadhaa Yaya alirudi kutoka chuoni, akasimama mlangoni pa jiko, akasema, “Mama, wamekubali. Ijumaa ya kesho kutwa nina defansi.” Mama aliacha mwiko. “Alhamdulillahi. Mungu akusimamishe, usianguke.” Sisi mabeki tunawaita defansi. Kila mtu mtaani alikuwa akisema kwamba Ngurumo imekosa kombe kwa sababu haina defansi. Sasa Yaya wangu ana defansi. Nilijumlisha mwenyewe: timu imemwita. Na Bosco alipokuja jioni akanimaliza kabisa. “Watakuwa watatu,” alimwambia Yaya, bila mzaha safari hii. “Wazee, lakini wabaya. Watakushambulia pande zote. We usikimbie. Simama tu.” Sikuuliza mtu. Aibu yangu ndivyo ilivyo. Naweza kubeba jambo kubwa tumboni wiki nzima. Niliona jambo moja tu limesahaulika: jezi, iliyokuwa imekunjwa sandukuni, safi. Siku ya siku niliitia ndani ya mfuko wangu wa shule, chini ya daftari.

Baba alituendesha kwa gari la mteja wa Kinindo ambaye alikuwa amemruhusu, au ndivyo alivyotuambia, kulijaribu. Viti vilinukia ngozi mpya na gundi. Chuo kiko mlimani, na tuliposhuka niligeuka nikaona mji wetu wote chini, mabati yake, na ziwa lililolala kimya, na ng’ambo milima ya Kongo kama moshi uliogandishwa. Sikujua kwamba tunaishi mahali pazuri kiasi kile. Tulipita kiwanja cha mpira, kitupu, ng’ombe wawili wanakula nyasi langoni, nami moyo ukaruka; lakini hatukusimama. Tuliingia katika ukumbi wenye madawati, ambako Bosco alikuwa ametuwekea nafasi. Nilijiuliza watachezaje ndani. Kisha Yaya akaingia akiwa amevaa suti ya kuazima yenye mikono mirefu mno, akasimama mbele peke yake. Wazee watatu wakaketi wakimkabili. Hakuwa na kipa nyuma yake.

Walianza kumpiga maswali kwa Kifaransa, na mimi nilishika nusu. Lakini mwili unaelewa. Niliona anavyopokea swali kwa kifua, analiteremsha chini taratibu, ndipo anajibu. Niliona jasho linamtoka kando ya sikio. Mama alikuwa anahesabu tasbihi chini ya mtandio. Halafu mzee wa katikati, mwenye miwani iliyoning’inia, akakiinua kile kitabu. Akauliza kwa nini sura ya nne, ya mafundi wa viti vya magari, ina kurasa sita tu, ilhali nyingine zina ishirini. Yaya alinyamaza. Ulikuwa ukimya ule ule wa baada ya mvua. Nilifungua mfuko, nikaitoa jezi, nikataka kuinuka nimpelekee, maana nilidhani anaanguka kwa sababu hana rangi za timu. Watu walikuwa wengi. Nilibaki nimeikumbatia kifuani, nina hasira na woga wangu.

“Ni kosa langu, Profesa,” Yaya alisema hatimaye. Alisema kwa Kifaransa, halafu akarudia kwa Kiswahili, akitazama upande wetu, na hapo nilielewa kila neno. “Miezi ya kuandika sura ile nilikuwa uwanjani. Na fundi niliyepaswa kumuuliza ni baba yangu. Niliona haya. Sikumuuliza hata swali moja.”

Mzee wa miwani aliuliza, “Uwanjani, unashabikia nani?”

“Ngurumo, Profesa.”

“Pole,” alisema yule mzee, na ukumbi ukacheka. Kisha akauliza kama huyo fundi yupo. Baba aliinuka nusu, kofia mkononi, akaketi upesi kama aliyeguswa na moto. Lakini nilimwona. Baba yangu, asiyejua kusoma Kifaransa, kazi yake ilikuwa imo ndani ya kitabu, na wasomi watatu walikuwa wakilalamika kwamba haikuandikwa vya kutosha.

Walitutoa nje, wakaturudisha, wakasema amefaulu, ila lazima aiandike upya sura ya nne kabla ya kupewa karatasi yake. Mama alilia. Nje, chini ya jua, nilimvuta Yaya mkono, nikampa jezi. “Uliisahau,” nilisema. “Watakuchezesha na suti?” Ilibidi nieleze, na maelezo yangu yakawaangusha wote kwa kicheko, Bosco akashika nguzo asianguke; kumbe defansi ya chuoni ni kuitetea memuari mbele ya maprofesa. Yaya peke yake hakucheka. Aliitazama jezi, akaivaa juu ya suti, na ndivyo alivyopigwa picha iliyo sebuleni kwetu hadi leo: amevimba mabega, manjano tupu, Baba pembeni yake amenyooka kama askari. Bosco alimpa mkono. “Leo,” alimwambia, “ngurumo imeleta mvua.” Kwa mwezi mzima baada ya hapo Yaya alikaa karakanani na daftari, akiuliza jina la kila uzi, na Baba, mtu wa maneno machache, alizungumza hadi cherehani ikapoa.

Sasa mimi niko darasa la mwisho la sekondari, na mtihani wa taifa uko mbele yangu. Yaya anafundisha historia, amepanga nyumba ndogo Kinanira, na wanafunzi wake humwogopa, jambo linalonichekesha. Ngurumo haikupata kombe. Imeshuka daraja, na Jumapili tunakwenda wachache kuitazama ikifungwa kwenye kiwanja chenye mawe. Zamani nilidhani chuo kikuu ni mahali pa watu wasioanguka. Ninachokikumbuka zaidi leo ni mtu amesimama mbele ya wazee watatu, hana pa kukimbilia, anasema ni kosa langu, na bado amesimama. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi niliona kwa macho yangu methali imevaa suti ya kuazima. Nikifaulu, nami nitapanda mlima ule, na siku moja nitasimama pale mbele na sauti yangu hii inayokauka. Naogopa sana, naandika hapa ili nisiseme kwamba siogopi.

Jezi Yaya aliniachia mimi. Zamani ilinifika magotini, sasa inanitosha, na kila usiku naivaa nikisomea mtihani. Iko kwenye msumari ule ule, na jana Mama aliingia na beseni, akainusa, akakunja uso, akauliza aichukue lini.

“Apana, Mama,” nilimwambia. “Musimu bado.”