Matanga ya Kaleli Nje ya Geti

Siku mzee wake Kaleli alikufa, Ndunge alitoa viti vyote nje. Hakuambiwa na mtu. Huko Landless, Thika, mahali alikaa maisha yake yote akiuza ndengu, mtu akikufa unafungua mlango, unatoa viti, unaweka sufuria kubwa ya chai kwa moto, na watu wanakuja. Hakuna kuita. Hata yule mama mmerushiana maneno asubuhi juu ya kamba ya nguo atakuja na sukari yake kwa mfuko. Atanuna, lakini atakaa.

Sasa hii haikuwa Landless. Hii ilikuwa Ruiru, pande ya Gatongora, ndani ya esteti ya ukuta na waya ya stima juu. Mutisya, kijana wake wa pekee, ndiye aliwatoa Thika yeye na mzee mwaka jana akawaleta kwake. Na tusidanganyane, Ndunge alipenda. Mtu akikwambia hakupenda maji kwa bomba kila siku ya Mungu, huyo ni mwongo na mama yake alikuwa mwongo. Hakuna kupanga mitungi. Hakuna sewa ya maji machafu imepasuka mlangoni watoto wakiruka kama vyura. Choo ziko ndani, tena mbili, na moja hakuna mtu anaingia, inakaa tu ikiangaliwa. Kaleli naye, kifua yake iliharibiwa na vumbi ya kiwanda, alianza kulala bila kukohoa. Mchana anakaa kwa kiti yake ya kamba hapo kwa nyasi, anaangalia vile imenyolewa, anasema, "Ndunge, hii nyasi hata ng'ombe angeona haya kukula." Anacheka pekee yake.

Shida ilikuwa moja. Watu. Nyumba zilikuwa, magari yalikuwa, watu hawakuwa. Giza ya asubuhi geti inafunguliwa, wanatoka mbio kuwahi Thika Road kabla jam ifunge. Wanarudi na giza ingine, vioo nyeusi tititi. Nyumba ya pili, yenye walikuwa wameshikana ukuta, kulikuwa na gari kubwa nyeupe. Ndunge alijua hiyo gari vile mtu anajua mbuzi yake, akajua honi, akajua taa ya nyuma yenye imepasuka. Mwenyewe hakumjua hata kidole. Alisikia tu ni chemani, mwenyekiti wa esteti, na hata Mutisya alimjua kwa simu tu, kwa hilo jina la chemani. Siku moja akabeba sahani ya muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, akabisha kwa huyo chemani. Msichana wa kazi akafungua kadirisha ka geti.

"Mmeongea na yeye kwa simu?"

Muthokoi! Iombewe ruhusa! Ndunge alirudi nayo nyumbani, Kaleli akaimaliza yote kwa hasira.

Basi mzee akafa mchana, kwa hiyo kiti yake, kofia ikiwa kwa goti. Ndunge akalia vile watu wanalia. Akatoka mpaka katikati ya barabara ya mawe ya kabro, akalia akiangalia kila mlango. Pazia moja ikasonga. Ikarudi.

Mutisya akaja, mwili ukapelekwa mochari. Jioni ndiyo Ndunge akatoa viti, vya meza na vya plastiki, hata kile kistuli cha bafu. Akakaa. Chai ikafanya ngozi juu. Magari yakaanza kurudi, taa zinamulika viti tupu, zinapita polepole vile unapita shimo.

Mourine, bibi ya Mutisya, msichana mzuri lakini mwoga sana, akatoka na simu. "Mum, wamesema pole. Ona, wote wameandika."

Ndunge akaona vimaua vya simu. Vimikono vimeshikana. Vimaua tena.

"Hii maua itakaa kiti gani?"

"Mum, hapa ndiyo wanafanya hivyo."

"Na hii maneno ndefu ni ya nani?"

Mourine akapunguza sauti. "Ni chemani. Anasema pole kwa familia. Anasema pia… viti zisifunge barabara. Na watu wa matanga watafutiwe mahali huko nje, kanuni ya esteti haikubali mikutano."

Ndunge akashika mdomo. Hakuwa ameshtuka hivyo hata wakati alimgusa Kaleli akapata ni baridi.

"Mkutano? Kaleli ni mkutano?"

Kesho yake Landless wakaja. Walikodi lori ya mchanga, wakajaa, wanaimba kutoka Thika mpaka hapo. Mbele na dereva alikuwa Wanja wa mahindi choma, yule aligawana ukuta na Ndunge tangu wakiwa wasichana wa juzi kuolewa. Wanja alilea mtoto mmoja bila baba, Mugo, na huyo Mugo alikula kwa Ndunge kuliko kwao. Kaleli ndiye alimbeba mgongoni mpaka hospitali wakati malaria ilitaka kumchukua. Siku hizi Mugo ni mkubwa Nairobi. Anamletea mama yake shopping, anaondoka. Kwake, Wanja hajawahi kukanyaga. Huwa anasema, na kujivuna juu, "Anakaa nyumba ya kazi. Huko wazazi hawaruhusiwi." Na watu wanasonya.

Getini Maluki, askari, kijana wa Ukambani, akasimama na macho chini. "Mwaitu, mama yangu, nimekatazwa. Nikifungulia hii lori, mimi ndiyo nitatoka."

Ndunge akamwangalia sana. "Basi usifungue. Lete benchi yako."

Akageuka, akabeba kiti ya Kaleli mwenyewe mpaka nje ya geti. Mutisya akaona aibu, akabeba vingine. Mawe tatu zikawekwa kando ya ukuta, moto ukawashwa, chai ikapikwa, na Kaleli akaanza kuliliwa kama mtu. Ndunge alipumua mara ya kwanza tangu jana.

Jua likaingia, magari yakaanza kurudi. Lori imefunga njia. Nyuma ya wote honi ikalia, ndefu, na Ndunge hakuinua kichwa, alijua ni ile nyeupe. Mlango ukafunguka, mtu wa suti akashuka na kelele zake.

"Nani amewaruhusu hapa? Toeni hiyo lori! Watu wametoka kazi wamechoka!"

Wanja alikuwa anakoroga chai. Mwiko ukasimama.

"Mugo?"

Yule mtu akakauka.

"Maitu…"

"Si uliniambia unakaa nyumba ya kazi?"

"Maitu, wacha nikueleze."

"Haiya! Huyu ndiye chemani?" Mzee mmoja akapiga mapaja. "Haka ni kale katoto kalikuwa kanakojolea godoro ya Kaleli!"

Watu wakacheka. Ndunge hakucheka. Mwaka mzima, ukuta mmoja. Akatembea mpaka mbele yake.

"Ulikuwa unatuona? Kwa hiyo vioo yako, ulikuwa unamuona mzee hapo kwa nyasi?"

Mugo akaangalia kiti ya kamba.

"Na ukajua ni yeye amekufa, ukaandika juu ya viti?"

"Mama, kuna kanuni. Hapa wananijua… hawajui nimetoka huko." Akasema polepole, lakini ilisikika mpaka kwa lori. Wanja alisikia. Aliweka mwiko chini vile unaweka yai.

Mugo akageukia askari. "Maluki, fungua geti. Waingie wote."

"Funga," Ndunge akasema. "Unafungua sababu mama yako amekuona. Jana Kaleli alikuwa Kaleli na ulifunga. Tunalilia hapa."

Maluki hakugusa geti. Wanja akamimina chai kwa kikombe, akaipeleka na mikono mbili, heshima yote, vile unapatia mtu hujui.

"Karibu, mgeni. Kaa kwa benchi."

Akakaa. Na suti yake. Hakuna mtu alimsongelea.

Kaleli alizikwa Kalimoni, kwa kipande chake cha shamba. Wakirudi, Mutisya akataka kukata kwenda Ruiru, Ndunge akamwambia anyooshe Thika. Kiti ya kamba ilikuwa tayari nyuma ya gari. Huko Landless maji yalikuwa yamepotea tena, na sewa ilikuwa vile aliiacha. Akatukana zote mbili, akapanga mitungi yake kwa laini.

Mwisho wa mwezi gari nyeupe ikaja. Mugo akashuka na shopping, akabisha kwa mama yake. Akabisha tena. Wanja alikuwa ndani, kila mtu alimsikia akikohoa, na ile hadithi ya muthokoi Ndunge alikuwa amempatia yote. Kadirisha kakafunguka kidogo.

"Tumeongea kwa simu?"

Kakafungwa. Mugo akabaki hapo na mifuko, akamwangalia Ndunge, amekaa kwa kiti ya Kaleli, vile mtoto anaangalia mtu atamtetea.

"Toa gari," Ndunge akamwambia. "Imefungia watu mitungi."