Siku Nilipokiona Kifafa Changu

Nilipokuwa mtoto, kila mtu katika mtaa wetu wa reli pale Kamina alikuwa ameona kifafa changu, isipokuwa mimi. Kazi yangu ilikuwa kuanguka tu, kisha kuamka na mavumbi mdomoni, watu wakinitazama kwa mbali. Hakuna aliyenisogelea mpaka povu likauke. Ilisemwa kwamba ukiguswa na mate ya mtu anayeanguka, nawe utaanguka.

Dada yangu alinisimulia siku nilipoanguka kando ya mbabula, jiko letu la makaa, nkambo akisonga bukari. Nkambo, mama yake baba, alinipenda sana. Kichwa cha samaki kilikuwa changu siku zote. Lakini siku hiyo alichukua jembe akalivuta jiko. Moto aliusogeza, mimi akaniacha palepale, mkono umeshaungua.

"Musimuguse!" aliwapigia kelele ndugu zangu. "Mate yake njo iko na bugonjwa!"

Sikumchukia. Niliuchukia mdomo wangu. Tangu hapo nikawa na kikombe changu, nikakua nikikiosha mwenyewe.

Sasa nina watoto wawili. Muuguzi wa kituo cha afya alinitegea kengele kwenye simu, inanikumbusha vidonge kila jioni. Vidonge vilipoanza kushindwa, alimwomba mume wangu anirekodi nikianguka, video itumwe kwa daktari Lubumbashi. Akiona ninavyoanguka, atajua dawa ipi inanifaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na simu.

Katika video ile mume wangu amenilaza ubavu, mkono wake mmoja chini ya kichwa changu. Nilijiona nikitetemeka, povu likinitoka, na wala sikutisha kama nilivyodhani. Lakini nyuma, mlangoni, binti yangu Ngoie alikuwa amejiziba mdomo kwa gauni, akimvuta mdogo wake kola. Mdogo alikuwa analia, anataka kuja kwangu.

"Usifike kule! Mate yake itakuangusha na weye!"

Nilimwita Ngoie nikamwuliza, "Nani alikufundisha ile maneno?"

Alishangaa. "Weye, mama. Si unatukatazaka kikombe yako?"

Aibu ilinishika hata nikataka kipande hicho kikatwe. "Daktari atasema minyi niko mama ya namna gani?" nilimwuliza mume wangu.

"Tutume yote," alisema.

Tukatuma yote. Daktari alibadilisha dawa, na juu ya watoto hakusema neno. Angesema, labda ningepata wa kumkasirikia.

Nilipokuwa na mimba ya Ngoie, muuguzi yuleyule aliniambia wazi kwamba mate hayaambukizi kifafa. Nkambo hakupata mtu wa kumweleza. Mimi nilielezwa, nikaitikia kwa kichwa, nikarudi nyumbani kuwafundisha wanangu kunikimbia.