Okidi Tatu za Pelagia

Pelagia alikuwa muuza dagaa pale Makoko hadi magoti yalipomgomea. Kazi aliyoipata baada ya hapo hakuna aliyeielewa kijijini kwake, upande wa Nyegina. Kila Jumatatu alipanda basi kwenda Butiama, kwenye kitalu cha watu wanaootesha mimea inayokaribia kutoweka, na Ijumaa alirudi na vimche vilivyofungwa kwenye gazeti bichi. Ukimuuliza ni nini, anakwambia mboga. Mwongo, lakini mwongo mwenye sababu.

Vilikuwa vimche vya okidi, aina ile inayoota juu ya mti, yenye maua ya manjano na madoa kama ya chui. Zamani zilijaa kwenye kilima cha mawe nyuma ya kijiji. Wachoma mkaa wakamaliza miti mingi, na wauza maua wakabeba zilizobaki. Pelagia ndiye aliyepewa kazi ya kuzirudisha. Alizifunga kwenye matawi kwa vipande vya soksi za nailoni mpaka zishike mizizi. Za kwanza zilikauka. Za pili ngedere wakazitafuna. Miaka ikapita, magoti yakazidi, yeye hakuacha, na siri yake hakumwambia mtu kwa kuogopa wezi.

Mwaka huu tatu zilichanua. Mbili zilikuwa chini, kwenye mti mmoja. Ya tatu ilikuwa juu kabisa, kwenye mti mwingine wa pembeni. Kilichobaki ni nyuki wafanye kazi yao, mbegu zipatikane, na kilima kijioteshee chenyewe bila kungoja mwanamke ashuke kwenye basi. Ukiacha wanawe, hapa duniani Pelagia hakutaka kitu kingine.

Jumapili ya sikukuu ya mtakatifu somo wa kigango, kanisa lao dogo la kijijini, aliingia kanisani, akafanya ishara ya msalaba, akainua macho. Okidi zake zilikuwa altareni, kwenye chombo kikubwa, zimepangwa vizuri ajabu. Zamu ya kupamba ilikuwa ya Getruda, jirani yake, mwanamke asiyejua kumpa Mungu kitu cha ovyoovyo. Padre alipoyasifu maua, akina mama walipiga vigelegele. Pelagia naye alipiga. Kwa hasira aliyokuwa nayo, hata komunyo hakwenda kupokea.

Baada ya misa alimvuta Getruda kando.

"Dada, yale maua umeyakata wapi?"

"Kule kilimani. Si yalikuwa yanaliwa na nyuki tu?"

"Umekata yote?"

"Kuna ya juu yamebaki, sikuyafikia. Kwani vipi?"

Matusi yalikuwa yamemjaa Pelagia mdomoni. Badala yake alieleza kila kitu: kitalu, soksi, ngedere, mbegu. Getruda akakaa chini kwenye kibaraza.

"Sasa mbona ulikuwaga unatuficha? Sisi tunapitaga kule kila siku kuokota kuni."

Pelagia aligeuka kutazama altareni. "Unga wa hayo maua bado mzima," alisema. "Ukipakwa kwenye yale yaliyobaki, mbegu zitashika. Lakini yakinyauka hapo altareni, basi. Na magoti yangu hayapandi mti."

Kuondoa maua altareni siku ya sikukuu, watu wakiwa bado wanapiga picha, ni jambo ambalo kigango hakikuwahi kuliona. Getruda alikwenda, akapiga goti, akayabeba. Katekista Baltazari aliuliza kulikoni, akaambiwa abebe ngazi.

Kilimani Getruda alipanda na gauni lake la sikukuu, kijiti cha kiberiti mkononi. Pelagia alimwelekeza kutoka chini: bandua kale kapunje ka manjano kenye unga, kagandishe katikati ya ua, pale penye ulimbo. Getruda alisogeza kijiti karibu na ua, kisha akatazama chini.

"Na nikikosea?"

"Tutakuwa tumekosea wawili."

Maua yalinyauka, kama maua yote. Kisha kikonyo kimoja kikaanza kunenepa, dalili ya mbegu, na Pelagia alipokiona alilia palepale chini ya mti, kwa furaha, bila aibu.

Zamu ya Getruda iliporudi, altareni kulikuwa na maua ya kawaida ya uani. Mama mmoja akanung'unika: yale ya manjano ya siku ile ndiyo yalikuwa mazuri, kwa nini asiende akakate mengine?

"Yale yana mimba," Getruda alisema, akaendelea kupanga. "Ukiyagusa tutakosana."